Fundi Aliyeshona Kitabu Kisicho na Mbele

Ukimpelekea Fundi kitabu, hakutazama uso wako. Alikigeuza, akakishika mgongo kwa vidole viwili jinsi mtu anavyomshika kuku sokoni, akakitikisa mara moja, kisha akataja ugonjwa: uzi umelegea, gundi imekufa, panya. Baada ya hapo ndipo alipokutazama wewe, na kila mara nilihisi kwamba jicho lake lilikuwa linatafuta kwa mtu jambo lilelile, yaani mahali alipolegea.

Nilimjua kwa miaka sita. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Asiatique, nyuma ya duka la mabeseni ya plastiki na mikeka, na ili umfikie ulipenya katikati ya mabeseni hayo ukiomba radhi. Alikuwa mjalidi. Alishona upya misahafu iliyochakaa, madaftari ya ubatizo ya parokia, na zaidi ya yote memwari, zile kazi za mwisho ambazo sisi wanafunzi wa chuo kikuu tulilazimika kuziwasilisha zikiwa na jalada gumu na maandishi ya rangi ya dhahabu. Wengi wa waliohitimu nami walipita kwenye meza ile. Nadhani ndiyo sababu tulimwogopa, ingawa hakuna aliyewahi kukiri.

"Mi sisomi," alikuwa akisema. "Mi nashona."

Haikuwa kweli, na alijua kwamba tunajua. Siku moja nilikuwa pale nikisubiri, akaingia kijana wa kitivo cha uchumi na nakala tano za memwari yake. Fundi akaanza kuzigonga karatasi mezani ili zilingane. Katikati akasimama.

"Hii ukurasa," akasema, "mi niliishona mwaka jana."

"Haiwezekani, Fundi. Ni kazi yangu."

"Sikatai, ni kazi yako. Nasema niliishona. Ilikuwa ya binti moja hivi. Ata jedwali yake ilikuwa imepinda hivihivi. Imekuja nayo."

Kijana akajaribu kucheka. Fundi hakucheka naye, wala hakumkemea. Alizishona zote tano kwa uzi mzuri, akampa, na kadiri ninavyojua hakumwambia mtu. Lakini yule kijana alitoka kupitia mabeseni kama mtu aliyeibiwa.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na hofu ya siku nyingi, kwa sababu katika sura yangu ya pili zilikuwemo aya ambazo sikuwa nimezitafakari sana kabla ya kuziita zangu. Fundi aliishika memwari, akaipindua, akasema tu, "Sura ya pili imechoka kidogo." Mpaka leo sijui kama alisema juu ya karatasi au juu yangu. Tangu siku hiyo aliniita Lisansie, mwenye digrii, kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa heshima. Ile nusu ya pili niliichunguza kwa miaka yote sita.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na alipingana bila aibu. Alikuwa na presi mbili za mbao za kukandamizia vitabu. Moja ilikuwa ya misahafu, na hakuigusa kabla ya kutawadha. Nyingine ilikuwa ya vitabu vingine vyote, na hiyo aliiita presi ya mjini. Alidharau riwaya za mapenzi, akizishika kwa ncha za vidole, lakini hakuweza kuitupa hata moja. Alisema kila siku kwamba mashine za fotokopi zimeua ufundi, ilhali bila fotokopi za memwari zetu angekufa njaa. Simu yake ikilia mbele ya mteja aliiacha ilie mpaka ikachoka. Na hakuuliza maswali. Jambo hili lilinisumbua kuliko yote. Mtu asiyekuuliza unatoka wapi, unafanya nini, umeoa au bado, katika mji huu ambapo hata muuza sigara anakuuliza, lazima ana njia nyingine ya kujua. Ndivyo nilivyofikiri. Bado nafikiri hivyo nikichoka.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, chumba kiligeuka kuwa kikao. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alikuwa akimletea Fundi katoni za vitabu vya Kifaransa vilivyosafiri na nguo kutoka Ulaya, vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka. Fundi alivitibu na kuviazimisha. Sharti lilikuwa moja: hupati kitabu cha pili kabla hujasema mbele ya wenzako umekionaje cha kwanza. Si lazima useme vizuri, ila lazima useme. Mimi niliandika yaliyosemwa katika daftari, kwa kuwa sikuwa na kazi na nilikuwa na mwandiko unaosomeka.

Walikuja watu watano, sita, siku za mvua watatu. Waliokuja daima walikuwa wawili. Godeliva, muuguzi wa kituo cha afya huko Cibitoke, alisoma kila kitu na kucheka kila mahali. Hamisi, fundi wa pikipiki, alisoma polepole, na alipotakiwa kutoa maoni alisema maneno manne au matano akitazama mafuta kwenye kucha zake. Fundi mwenyewe hakuhukumu kitabu chochote. Alikaa nyuma akinyoosha nyuzi kwa nta, na mtu akisema upumbavu, uzi ulisimama.

Kitabu ninachotaka kukisimulia kilikuja katika katoni moja na vitabu vya upishi na kamusi ya Kiholanzi. Kilikuwa kidogo kama kitabu cha sala, kimechorwa chote, kimetafsiriwa kwa Kifaransa kutoka Kijapani, aina ile wanayoiita manga. Jalada lake lilikuwa limeng'oka. Fundi alikitia jalada jipya la kaki, mbele na nyuma sawasawa, bila picha, bila jina. Ukikiweka mezani hukuweza kujua upande upi ni wa kwanza.

Wanaozijua katuni za Kijapani wanajua kwamba husomwa kuanzia kulia, kama msahafu, na picha za kila ukurasa hufuatwa vivyo hivyo. Kwa hiyo wachapishaji wa Ulaya mara nyingi huweka ukurasa wa onyo upande wa kushoto, unaomwambia msomaji kwamba amefungulia mwishoni na anapaswa kugeuza. Katika kitabu hiki ukurasa huo haukuwepo. Nilipokiazima nilitafuta ndani, karibu na uzi, nikakiona kishina chake: kilikatwa kwa kisu, kimenyooka kabisa. Kingo nazo zilikuwa zimepunguzwa, na namba za kurasa zimeondoka na vipande.

Kisa chenyewe, kikisomwa inavyotakiwa, ni hiki. Vijana wawili, mmoja ana kazi ya udobi na mwingine yuko chuo kikuu, wanasimama kila asubuhi kwenye stesheni moja ya treni, kila mmoja upande wake, na hawasalimiani. Polepole wanasogeleana. Kuna mwavuli, kuna shati lililorudishwa limepigwa pasi vizuri kupita kiasi, kuna barua isiyotumwa. Mwishoni wamekaa benchi moja. Wanabusiana mara moja. Treni inapita na hawapandi.

Ukikisoma kutoka kushoto, unaanza na benchi na lile busu, na unamaliza na watu wawili wasiojuana wakiwa kila mmoja upande wake.

Godeliva alikisoma kutoka kushoto, kama walivyofanya wote waliosomea shule za masista na za serikali. Jumamosi ile alikiweka mezani akapiga makofi mara moja.

"Hawa Wajapani ni watu wa ajabu, sha. Wanaanza na mapenzi, wanamaliza na kunyimana salamu. Ni kama bibi na bwana wa huku kwetu."

"Lakini ni wanaume wote wawili," akasema mwalimu mmoja wa hesabu ambaye alikuja siku hiyo tu, akikipekua.

"Nimeona. Na nimeona wanaachana pia. Sasa we unataka nini zaidi?"

Mwalimu akasema kwamba katuni si fasihi, kwamba macho yao ni makubwa mno na mazungumzo hayana mantiki. Hapo Godeliva akamuunga mkono. "Hiyo ni kweli. Mutu anajibu mbele ya kuulizwa. Ukurasa muzima: jibu kwanza, swali nyuma. Nikasema, huyu ni bwana yangu kabisa, anajitetea mbele sijafungua kinywa."

Watu walicheka mpaka muuza mabeseni akachungulia. Niliandika: *Wasomaji wanaona kwamba mpangilio wa mazungumzo ni wa kutatanisha.* Nilijua sababu. Nilikuwa nimesoma manga kadhaa kwenye simu wakati wa chuo, na hiki nilikisoma kutoka kulia. Sikusema. Nilijiambia kwamba sitaki kumwaibisha Godeliva.

"Hamisi," akasema Fundi.

Hamisi alikichukua kile kitabu. Alikifungua kwa namna mtu aliyekulia madrasa anavyofungua kitabu asichokijua, mgongo ukiwa mkono wake wa kulia. Alitazama ukurasa mmoja kwa muda.

"Ni kitabu muzuri," akasema. "Nilipenda mwisho." Akakifunga.

Uzi wa Fundi ulisimama. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye daftari, Fundi alikuwa hamtazami Hamisi. Alikuwa ananitazama mimi, na nilielewa kwamba ameona kuwa nimeona.

Wiki nzima nilitafuta maana yake. Alikata ukurasa ule kwa makusudi, hilo halikuwa na shaka. Mtu hapunguzi kingo mpaka namba ziishe kwa bahati mbaya. Lakini kwa nini? Labda alitaka kuwapima watu, ajue nani anasoma kutoka wapi. Labda alikuwa akiandaa mtego na daftari langu ndilo lilikuwa kamba. Sheria ya nchi yetu juu ya wanaume wa namna ile inajulikana, na midomo ya majirani inajulikana zaidi. Nilitafuta pia watu wa mbali wanasemaje juu ya vitabu vya aina hii. Nikajifunza kwamba vingi huchorwa na wanawake kwa ajili ya wanawake, na kwamba wahakiki wanabishana: wapo wanaosema vimefungua mlango uliokuwa umefungwa, na wapo wanaosema ni ndoto juu ya watu ambao mchoraji hakuwahi kukaa nao. Nilisoma mabishano hayo nikiwa nimeupa mlango mgongo, na kila nilipomaliza nilifuta historia ya simu.

Kisha nikafanya jambo ambalo silielewi vizuri hata leo. Nilikaa nikaandika uhakiki wa kitabu kile, karatasi nne, kwa mkono. Nilikuwa na digrii ya lugha na fasihi, na tangu niipate hakuna aliyeniuliza maoni yangu juu ya chochote. Niliandika kwamba mchoraji anachora mikono pale wengine wangechora nyuso. Niliandika juu ya ukurasa mmoja usio na neno hata moja, ambapo kijana wa udobi anaukunja mwavuli wa mwenzake uliolowa, kunjo baada ya kunjo, na kwamba sijasoma kwa lugha yoyote tamko la mapenzi lililo wazi kuliko lile. Niliwajibu wale wahakiki wa mbali, wa pande zote mbili. Niliandika kwamba kitabu kinasomwa kutoka kulia, na kwamba mwisho wake ni wa furaha. Chini ya karatasi ya nne niliweka jina langu kamili, kwa mazoea tu, kama tulivyofundishwa shuleni.

Nilimpelekea Fundi. Alizitazama karatasi, hakuzishika mara moja.

"Umeandika kwa ajili ya nani, Lisansie?"

"Kwa ajili ya kikao. Au kwa ajili yako. Sijui, Fundi."

"Mi sisomi," akasema, akazitia kwenye droo ya meza.

Wiki mbili baadaye yalikuja malalamiko. Mkuu wa mtaa alimtuma mtu kumwambia Fundi afike Alhamisi saa tisa mbele ya kamati, pamoja na kitabu na yule anayeandika daftari, kwa sababu amesikia kwamba katika chumba kile vijana wanasomeshwa kitabu cha uchafu *kinachoishia* wanaume wawili wakibusiana. Nilikishika kile kitenzi na sikukiachia. Kinachoishia. Godeliva na wengine waliona busu mwanzoni. Aliyesema kinaishia hivyo ni mtu aliyesoma kutoka kulia. Niliwajua watatu tu: Hamisi, Fundi, na mimi.

Wakati huo nilikuwa nasubiri kazi ya ualimu katika shule moja ya kanisa. Kila kitu kilikuwa tayari ila cheti cha mwenendo mwema, na cheti hicho kilipaswa kusainiwa na mkuu huyohuyo wa mtaa. Karatasi nne zenye jina langu zilikuwa ndani ya droo ya Fundi. Zingefika mbele ya kamati, ningekosa kazi, na kukosa kazi kungekuwa jambo dogo kuliko yote yanayofuata.

Nilikwenda siku hiyohiyo.

"Fundi, naomba zile karatasi zangu."

"Karatasi gani?"

"Zile nne. Ulizitia kwenye droo."

Aliivuta droo akanionyesha. Ndani mlikuwa na sindano, nta, na mfupa wa kukunjia karatasi. "Droo ni hii," akasema. "Unaona karatasi?"

"Umezipeleka wapi?"

"Lisansie, huku napita karatasi elfu. Mi siulizi watu mambo yao. Na we usiniulize."

Nilitoka nikiwa na hakika. Alizificha ili kamati ikimbana awe na mtu wa kuwapa. Ndiyo maana aliniuliza nimeandika kwa ajili ya nani. Ndiyo maana alinitazama Jumamosi ile. Nilipanga yote na yalilingana kama karatasi zilizogongwa mezani.

Kamati ilikuwa na watu watano, mmoja wao mama mwenye miwani aliyeshika rozari. Mkuu wa mtaa alikuwa mtu mpole aliyeonekana kutamani shauri hili lingekuwa la mtu mwingine. Fundi aliweka kitabu mezani, akakigeuza upande wa kushoto, akakisukuma mbele yake.

"Mama na akifungue mwenyewe," akasema. "Mi sisomi, mi nashona. Lakini picha haihitaji lisansi."

Yule mama alifungua, akaguna. "Hapa kwenye mwanzo wanafanya nini? Si wanabusiana?"

"Ego, mama. Ndiyo mwanzo. Endelea."

Aliendelea. Waliinama wote watano juu ya kile kitabu kidogo. Nusu saa nzima kurasa ziligeuzwa, na vijana wawili wa Kijapani waliachana mbele ya kamati, hatua kwa hatua, mwavuli ukarudi kwa mwenyewe, shati likarudi chafu, mpaka wakasimama kwenye stesheni kila mmoja upande wake. Hakukuwa na ukurasa wa onyo wala namba ya kuwaambia kwamba wamefungulia mwishoni.

"Kumbe waliacha," akasema mkuu wa mtaa.

"Ata salamu hawapeani," akasema mama mwenye rozari, na nadhani alisikitika kidogo.

"Lakini tuliambiwa busu iko mwisho." Mkuu wa mtaa alinigeukia. "We ndiye unaandika. We ni lisansie wa mambo ya vitabu. Hii kitabu inaanza wapi?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikilisema, nimejitoa: nimesema ukweli mbele ya kamati, na hata karatasi zangu zikijitokeza ningeweza kudai kwamba nilikuwa wa kwanza kufichua. Fundi alikuwa anatazama mikono yake. Nilimfikiria Hamisi, ambaye hakuitwa, na ambaye alisema mbele ya watu sita kwamba alipenda mwisho, na mimi nimeyaandika hayo.

Niliweka kidole upande wa kushoto. "Hapa," nikasema. "Kama vitabu vyote."

Mkuu wa mtaa alishusha pumzi. Alisema kwamba kamati haioni kosa, ila kitabu kibaki pale kidogo ili akitazame tena kwa utulivu. Hakikurudi. Cheti changu kilisainiwa wiki iliyofuata, nikapata kazi. Fundi alisimamisha vikao bila kutoa maelezo. Nilipokwenda kumsalimia alinijibu salama, akaendelea kushona, na sikuthubutu kuitaja droo tena. Nilikuwa nimemwokoa, nilifikiri, na bado ameng'ang'ania karatasi zangu. Kwa hiyo hakuwa amezificha kwa sababu ya kamati. Kwa hiyo alikuwa na sababu nyingine. Darasani nilipokuwa nafundisha, mlango ukigongwa, niliinuka nikidhani ni zile karatasi zimefika.

Mwenye nyumba alikitaka chumba cha Asiatique, na Fundi akahamia kwa binti yake Gatumba, karibu na mpaka. Miezi kadhaa baadaye maji yalipanda tena upande ule. Nilisikia yameingia kwao. Jumamosi moja nikaenda. Nilikwenda kumpa pole, na sitaficha kwamba nilikwenda pia kuhakikisha kama zilizama.

Alikuwa uani, presi zote mbili zimeinuliwa juu ya matofali, anakausha kurasa za daftari la mtu kwenye kamba za nguo. Ukutani mstari wa tope ulikuwa unanifika kiunoni. Binti yake alitupa viti na chai, akarudi ndani. Fundi alikuwa amekonda. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu, halafu begi langu.

"Lisansie. Umekuja kuuliza kama zilizama."

Niliweka kikombe chini.

"Hazikuzama." Alipanda juu ya tofali, akaingiza mkono kwenye boriti za paa, akashusha bahasha iliyofungwa kwa plastiki. Hakunipa. Aliiweka magotini. "Kwanza niambie. Ile siku mbele ya shefu wa mtaa, kwa nini ulisema uongo?"

"Ili kukuokoa, Fundi. Na Hamisi."

"Mi nilidhani we ndiye uliyetusema."

"Mimi?"

"Waliosoma kutoka kulia tulikuwa watatu. Mi sikusema. Hamisi hawezi kujisema. Nani anabaki? Mutu ambaye anaandika kila neno kwenye daftari, na anangojea cheti kwa shefu." Alihesabu kwa vidole, bila hasira. "Ndiyo nikaficha karatasi zako. Nikasema, siku atanitoa mimi, mi naye nitamutoa."

"Hata baada ya kuweka kidole pale kushoto?"

"Zaidi baada ya pale. Mutu anayedanganya vizuri vile mbele ya watu watano, mi ningemuamini vipi?"

Nilitaka kukasirika, lakini hesabu yake ilikuwa ileile yangu. Nilikuwa nimeipiga usiku na mchana, nikapata jina lake badala ya langu. Nilimwuliza ni nani basi.

"Godeliva. Alikiazima mara ya pili baada ya kile kikao. Mudogo wake, mwanafunzi wa lise, alimuonyesha namna ya kukisoma. Akasoma upya, akashtuka, akaenda kumuambia mushauri wake wa kanisa, na huyo akaenda kwa shefu. Alikuja hapa kabla ya maji, akalia kwenye hiki kiti. Mutu anayecheka haumushuku."

Tulikunywa chai. Upande wa barabara malori ya kwenda Uvira yalikuwa yamesimama foleni. Kisha akafungua plastiki, akanipa karatasi. Nilizihesabu: nne. Nilitazama pembe kama zina alama ya kupigwa fotokopi, na aliniona nikifanya hivyo.

"Hamisi alizisoma," akasema.

"Umemwonyesha?"

"Mara tatu alirudi. Jina nililifunika na kidole gumba, muda wote. Mukono ulikufa ganzi." Alinyoosha kidole chenyewe, akakitazama. "Hakuuliza ni nani. Alisema tu, kumbe kwenye huu muji kuna mwingine aliona ule mwavuli. Sasa anaziomba. Anataka kuziweka. Kitabu shefu alikichukua, hana kingine. Nimemuambia si zangu, nitamuuliza mwenye nazo."

Akachukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakifuta kwenye suruali, akakiweka mezani, mpini ukielekea kwangu.

Nilizisoma zote nne pale pale. Yalikuwa maandishi mazuri. Sijaandika mazuri kama yale tangu hapo. Naandika maandalio ya somo na barua za kuomba ruhusa. Niliiweka karatasi ya nne juu ya meza, nikalikata jina. Kipande kilitoka chembamba kama ukanda wa saa, nikakitia mfukoni. Zilizobaki nikazilinganisha kingo, nikamrudishia.

Fundi alizipokea. Kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote alinitazama usoni kabla ya kuitazama kazi, kisha akatazama mahali nilipokata.

"Na mwandiko?" akauliza. "Anayekujua atakujua."

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Nilikuwa nimelifikiria kabla kisu hakijagusa karatasi.

"Mwandiko uache," nikasema.